Mashine ya soda ya zamani: maswali ninayoulizwa kila siku karakanani Malindi

Kazi yangu ni friji: za nyumbani, za mabucha, majokofu ya wavuvi, na yale makabati ya vioo yanayowekwa milangoni pa maduka. Mashine za soda za kutumbukiza sarafu zilinijia zenyewe. Hoteli moja ya ufukweni ilifungwa, vitu vyake vikauzwa kwa fungu, na nyuma ya rundo la vitanda vya kuotea jua kulikuwa na Vendo 44 nyekundu imelazwa ubavu, panya wamezaa ndani. Tangu niisimamishe mlangoni pa karakana hakuna anayepita bila kuuliza neno. Majibu nimeyaweka hapa, nami nipate muda wa kushika spana.

Fundi, hicho kikabati kinafanyaje kazi?

Ni friji iliyotiwa kufuli. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuingia. Ndani kuna kompresa ya kusukuma gesi, kondensa ya kutoa joto nje, evapureta ya kupoza ndani na thamostati ya kupima baridi, kama ile friji ya nyumbani kwako. Chupa zimelala, moja juu ya mwenzake. Unatumbukiza sarafu, sarafu inateremka kwenye njia yake nyembamba na kuondoa kijino kilichozuia mkono wa kuzungushia. Unazungusha, chupa moja inashuka, inayofuata inakaa pahala pake. Mashine nyingi za miaka ya 1950 hazina mota ya kutoa chupa; mota ni mkono wako wewe. Umeme kazi yake ni kupoza. Kwa hiyo stima zikipotea soda bado utauziwa, ila ya moto.

Vendo, kampuni iliyoitengeneza, walianza Kansas City, Marekani, mwaka 1937, na hiyo 44 ni idadi ya chupa. Upana wake ni inchi 16 tu. Mzee mmoja wa Shella alinisisitizia kuwa ni kabati la bunduki, na sijamshinda mpaka leo.

Nimepata yangu. Nianze na rangi gani?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na jibu ni kwamba rangi ni ya mwisho.

Kuna bwana aliniletea mashine iliyopigwa rangi ya gari, inang'aa mpaka unaona meno yako. Alitaka niitie gesi tu, aipeleke nyumbani kabla ya Idi. Nikaitoa ile sahani ya chini anapokaa kompresa. Bisibisi ikapita kama inapita kwenye mkate. Sahani yote imeoza, na kutu imepanda ndani ya kuta kiasi cha shubiri moja, huku nje kumepakwa bodi fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, na rangi juu yake. Ikabidi tukate, tuchomelee bati jipya, na moto wa kuchomelea ukaibabua ile rangi mpaka kiunoni. Fundi wa spreyi akalipwa mara mbili kwa kazi moja.

Fuata mpangilio huu: umeme, ubaridi, bati, utumbo wa sarafu (yaani mitambo ya ndani inayopima sarafu), kisha rangi. Mashine mbaya inayopoa utauza soda. Nzuri isiyopoa ni pambo la sebuleni lenye uzito wa mbuzi watatu.

Naweza kuichomeka kwanza nione kama inapoa?

Tafadhali usifanye hivyo. Mashine za Marekani zilitengenezwa kwa volti 115, nasi kwetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mngurumo, halafu harufu, halafu kimya.

Hata ukiwa na transfoma, ngoja. Nyaya za zamani zimevikwa mpira na kitambaa, na kwa joto letu ule mpira hukatika kama biskuti ukiukunja. Plagi yenyewe ni ya pini mbili, haina waya wa eathi. Hebu fikiria kabati zima la chuma, limesimama kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji, na mtoto aliyevua ndara anakuja kushika mkono wa chuma. Mimi ya kwangu niling'oa nyaya zote bila kupima hata mmoja, nikaweka waya mpya wa nyuzi tatu, eathi nikaifunga kwa boliti kwenye bati lililokwanguliwa rangi, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Mlango nao nikauunganisha kwa kipande cha waya laini, maana bawaba zenye kutu si za kutegemewa kupitisha umeme.

Ongeza na kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Hapa pwani hicho si anasa.

Transfoma au kompresa mpya?

Transfoma hubadilisha volti. Haibadilishi hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, na hapo ndipo wengi huteleza. Marekani umeme wao ni hezi 60, wetu ni 50. Mota ya hezi 60 ukiilisha 50 huzunguka kwa kasi ya tano ya sita na huchemka zaidi ya ilivyokusudiwa. Ikiwa una sababu ya kuing'ang'ania kompresa ya asili, basi tafuta transfoma ya kutoa volti 100, ndiyo itakayoionea huruma kuliko ile ya 115. Na iwe kubwa, kwa sababu kompresa inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia.

Mimi huweka kompresa mpya ya volti 240, nguvu ya robo ya farasi au chini kidogo. Inapatikana Mombasa, fundi yeyote anaijua, na ikifa miaka ijayo hutamtafuta mtu Marekani. Ile ya zamani naifunga kwenye gunia pamoja na boliti zake na kumkabidhi mwenye mali. Wapo wanaonuna kwamba nimeua uasili. Uasili wa kompresa iliyojificha nyuma ya bati huonwa na nani?

Gesi yake bado ipo?

Nyingi za baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilitumia gesi ya kupozea iitwayo R-12. Hiyo ndiyo mojawapo ya gesi zilizokuwa zikiitoboa tabaka ya ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, pamoja na marekebisho yake, ndio uliozipiga marufuku. Nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipewa hadi 2010 kuachana nazo. Mtu akikuambia ana mtungi wa R-12 wa uchochoroni, ama anakudanganya ama anakutia matatani.

Ukibahatika kupata mashine au friji ya kabla ya vita, kuwa mwangalifu zaidi. Baadhi zilijazwa dioksidi ya salfa. Ukikata bomba lake ndani ya chumba utatoka mbio, macho yanachuruzika, na pumzi huioni.

Badala ya R-12 natumia gesi ya R-134a pamoja na kompresa yake. Usimwage 134a juu ya mafuta ya zamani ya R-12, hayachanganyiki. Mafuta yatakwama kwenye evapureta na kompresa itakauka koo. Mabomba yasafishwe kabisa, kichujio kipya, na ikibidi bomba jipya la kapilari, lile jembamba linalopeleka gesi kwenye evapureta. R-600a, ile ya friji mpya, ni nzuri na inataka kiasi kidogo, lakini inawaka moto. Ndani ya kabati la zamani lenye swichi za kurusha cheche siiweki.

Nilijaziwa gesi kwingine, ikapoa wiki mbili, ikaacha. Kwa nini?

Kwa sababu gesi haiishi kama petroli. Ikipungua, imetoka, na palipo na tundu patabaki na tundu hata ukijaza mara kumi. Mwenye kukujazia bila kutafuta tundu amekuuzia wiki mbili za baridi.

Tundu natafuta kwa njia ya kizee: naitrojeni ndani, povu la sabuni nje, na subira. Mara nyingi liko kwenye kiungo cha shaba na alumini, au pale bomba linapogusana na bati na kusuguana kwa mtetemo wa miaka hamsini.

Ila kuna ugonjwa mwingine wa kwetu hasa, nao ni maji. Hewa ya Malindi imejaa unyevu, na mafuta ya kompresa za 134a huunywa ule unyevu kama sifongo. Fundi akitoa vizibo vya kompresa asubuhi, akaenda kusali Ijumaa, akarudi saa nane kuchomelea, maji yameshaingia. Kisha mashine inapoa vizuri kwa saa moja, tone la maji linaganda mwisho wa kapilari, baridi inakatika. Barafu inayeyuka, baridi inarudi. Mwenye mali anadhani ni jini. Dawa yake ni kichujio kipya na pampu ya vakuumu ya kweli, iachwe ifanye kazi si chini ya nusu saa, kisha uifunge na kutazama kama sindano ya geji inatulia. Wale wanaotoa hewa kwa kutumia kompresa nyingine ya friji, Mungu awasamehe.

Ikishapoa, thamostati iweke nyuzi 2 hadi 4. Ukishuka chini ya sifuri chupa zitapasuka na utafagia vioo.

Kutu ya chumvi inaisha kweli?

Huwezi kuimaliza, unaweza kuichelewesha. Ile ya juu juu iondoe kwa brashi ya waya na msasa, boliti zilizokwama ziloweke mafuta ya taa usiku kucha kabla ya kulazimisha. Bati lililotoboka likatwe, lisizibwe. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuosha kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, kukausha kabisa juani, na kupaka praima siku ile ile. Bati lililokwanguliwa likilala usiku mmoja bila praima, asubuhi utaliona limeota wekundu kama hina.

Tazama na pamba ya ndani ya kuta. Ikiwa imelowa, itoe yote. Pamba yenye maji haizuii joto, na inaozesha bati kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Raba ya mlango hununui ya asili. Fundi wa raba za friji atakukatia ya kufanana, mradi ukifunga karatasi mlangoni isichomoke kirahisi.

Vipande vya shaba nyeupe na njano visugue kwa ndimu na majivu, kama sinia za bibi zetu, kisha suuza haraka. Vile vya zinki visiguswe na tindikali ya aina yoyote, hata ndimu ukiiacha hutafuna.

Sasa rangi.

Haya. Rangi ya zamani ina uwezekano mkubwa wa kuwa na risasi, kwa hivyo usiisugue kavu. Tumia msasa wa maji, funga barakoa, na watoto wawe mbali. Mpe kazi fundi wa spreyi wa magari; mlango wa mashine ni kama boneti tu. Usipake siku za masika, wala alfajiri kwenye umande. Rangi ya selulosi ikikutana na unyevu huota ukungu mweupe, na hakuna kupangusa kutakakoutoa. Saa nne hadi saa saba mchana, siku kavu, ndani ya banda lililomwagiwa maji sakafuni ili vumbi lisipande.

Nembo ya kampuni ya soda ni mali ya wenyewe. Kuiacha ile iliyokuwepo ni jambo moja. Kuchora mpya ili uvutie wateja wa biashara yako, kaombe ruhusa.

Itakubali shilingi zetu?

Hapa ndipo nilipopoteza usingizi.

Nyingi zilitengenezwa kwa nikeli ya Marekani ya senti 5: kipenyo milimita 21.21, uzito gramu 5, shaba na nikeli, haivutwi na sumaku. Utumbo wa sarafu unajua hayo yote. Kuna upenyo unaopima upana, kuna kibembea kinachopima uzito, na kuna kisumaku pembeni cha kukamata vyuma vya kubahatisha. Nilipotumbukiza shilingi yetu moja mara ya kwanza, ilinaswa pale pale ikabaki inaning'inia, maana ni chuma kilichopakwa nikeli. Kwa macho ya mashine ile, sarafu ya Jamhuri ni wosha, kile kiduara cha chuma cha kuwekwa chini ya boliti.

Ukitaka shilingi, toa sumaku, chukua kalipa upime sarafu kumi za aina moja, kisha upanue njia kwa tupa ndogo, unyoya kwa unyoya. Ukipitiliza huwezi kurudisha. Na kumbuka bei ya soda hupanda kila baada ya muda, ila tundu la sarafu halipandi.

Mimi nimechagua tokeni. Nimechongewa za shaba njano, mteja anazinunua kaunta kwa bei ya siku hiyo, na hata aliyelipa kwa simu anapata raha ya kutumbukiza. Tokeni za kwanza zilikuwa na kipenyo sawasawa na wosha moja inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Watoto wa mtaa waligundua kabla yangu. Jioni moja nilifungua kisanduku nikakuta wosha kumi na tatu, na nje chupa tupu kumi na tatu zimepangwa mstari vizuri, kwa adabu, zirudishwe kreti. Tokeni za pili nimezinenepesha.

Kusafisha: maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki. Usitie mafuta wala grisi, hukamata vumbi na sarafu zitaanza kusita. Chonga penseli laini, unga wake mweusi upulize njiani. Basi.

Chupa zetu zinaingia?

Leta chupa, tupime. Mashine hizi nyingi zilipimwa kwa chupa ndogo ya aunsi 6.5, yaani karibu mililita 192. Ya kwetu ya mililita 300 ni nene na ndefu zaidi. Baadhi ya mashine zina vibati vya kurekebisha; nyingine itabidi utengenezewe reli mpya, na chupa zitapungua. Za plastiki usijaribu. Ni nyepesi, hazidondoki vizuri, na zikibanwa zinajikunja.

Vipuri?

Vya ubaridi na umeme, Malindi na Mombasa. Funguo na makufuli, fundi funguo akivumilia. Vya utumbo wa sarafu huagizwa Marekani au huchongwa na fundi wa lathe. Usitupe kipande chochote kilichovunjika, hata kijino. Kilichovunjika ndicho kielelezo cha kuchongea kipya.

Itanigharimu kiasi gani?

Sitaji bei kabla ya kutoa sahani ya chini, na sababu nimeshaisimulia hapo juu. Kompresa na kazi yake hula sehemu kubwa, spreyi inafuata, na utumbo wa sarafu unakula siku kuliko pesa. Ukitaka tu soda baridi, nunua friji ya kioo. Itakutoka chini ya nusu.

Niko Lamu. Utakuja, au niilete?

Ilete, nitairudisha nawe. Ile ya pili niliyoifufua iko Lamu, na safari yake ilinitoa jasho kuliko matengenezo. Lori mpaka Mokowe, hapo ikapanda mashua. Nahodha aliitazama, akauliza, "Fundi, humo mna maiti?" Panga kufika gatini maji yamejaa, yakiwa yamekupwa utaipandisha ngazi zenye utelezi, na watu wanne hawatoshi. Kutoka hapo ni mkokoteni na mahamali, na vichochoro vya Mji wa Kale ndivyo mnavyovijua. Pima kila kona na kila mlango kabla, si kwa macho, kwa futi. Sisi tulikwama baraza ya mtu, tukakaribishwa kahawa, tukaung'oa mlango wa mashine ndipo ikapita.

Isafiri imesimama. Ikilazimika kulala, ikifika iache wima siku nzima kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa. Ifunge ukutani kwa vibano viwili, ni nyembamba na mtu akiitikisa kudai chenji itamwangukia. Iache nafasi ya kiganja nyuma ipumue, na isielekee bahari. Kama unataka kuiweka nje, Mji wa Kale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hivyo pitia kwanza kwa watu wa Makumbusho na kaunti. Ukutani kwa matumbawe na chokaa, misumari ya zege haishiki. Muulize mwashi wa hapo hapo.

Niifanye mpya kabisa au niibakishe na makovu?

Ni mali yako. Mimi ya mlangoni nimeiacha na mkwaruzo mrefu ubavuni, ule wa siku ilipolazwa, nikaupaka vanishi tu.

Unaiuza?

Hapana. Umeuliza wewe ni wa nne leo. Tokeni ziko kwa kijana kaunta.